Mikono ya breki na gia mpya za baiskeli ya TT: waya au umeme kwa barabara zetu za Mtwara na Lindi?

#1 Mwana_Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla hela ya korosho haijaisha mkononi.

Nimepata fremu ya mtumba ya TT, yaani baiskeli ya kushindana na saa, kutoka Dar. Kaboni, breki za rimu, nyaya zote zinapita ndani. Imekuja uchi: fremu, foki, usukani wa chini, na zile fimbo mbili za mbele za kulalia ambazo kijiweni kwetu tunaziita pembe. Mikono ya breki haina, vya kubadilishia gia havina.

Muuzaji ananipa njia mbili, zote mpya ndani ya boksi. Ya kwanza ni mikono ya breki ya waya, ile ya kuchomeka kwenye ncha za usukani, pamoja na vijiti vya gia vya kukaa kwenye ncha za pembe, gia 11. Ya pili ni Di2, gia za umeme za Shimano, toleo la R9160: vitufe kwenye pembe na vitufe vingine kwenye mikono yenyewe ya breki. Hiyo ya pili ukijumlisha betri, nyaya zake na mashine mbili za kusukuma cheni, unanunua bodaboda mpya na hela ya mafuta inabaki.

Mimi si mtu wa mashindano makubwa. Jumapili alfajiri natoka Mikindani hadi Mpapura na kurudi. Tuko watano, tunaondoka mmoja mmoja kwa kupishana dakika mbili, saa ndiyo inasema. Siku nikijisikia nafika Mingoyo. Miaka yote nimetumia baiskeli yenye usukani uliopinda, nimefungia pembe za kuazima. Nataka kuwasikia waliotumia, sio waliosoma matangazo.

Nawasilisha.

#2 MzeeWaPhoenix

Phoenix yangu breki zake ni za fimbo, chuma mpaka chuma. Haijawahi kuniomba betri wala waya. Endeleeni, nasoma tu.

#3 Spoku32

Mzee shikamoo. Usiondoke, tutakuhitaji.

Mwana_Mikindani, kabla ya kuulizana waya au umeme tuelewane kitu kimoja, maana watu wanachanganya. Kwenye baiskeli yako ya zamani breki na gia vinakaa pamoja, kiganja kimoja kinafanya yote. Kwenye TT vimetenganishwa. Breki iko usukani wa chini, gia iko mbele kabisa kwenye ncha ya pembe. Ukilala unabadili gia lakini huna breki. Ukishika breki, gia unaiona kwa macho tu, huifikii mpaka uachie mkono mmoja.

Umeme unaondoa tatizo hilo hilo, sio lingine. Kitufe ni swichi, unaweka popote, na unaweka viwili vinavyofanya kazi moja. Haya mambo ya kusema gia inaingia haraka zaidi mimi siyabebi sana. Waya uliofungwa na mtu anayejua unabadili gia vizuri tu.

Sasa mikono yenyewe. Hii ya kuchomeka inafanya kazi kinyume na uliyoizoea. Bawaba iko mbele, kwenye ncha ya usukani, na ulimi wa mkono unaelekea nyuma, kwako. Maana yake kidole cha shahada kipo karibu na bawaba, hakina nguvu hata ukikaza meno. Nguvu ipo kwenye cha pete na kidole cha mwisho. Wiki ya kwanza kila mtu anavuta kwa shahada, halafu anakuja huku kulalamika kwamba breki za TT ni mbovu. Shika nyuma, vuta kwa vidole vya nyuma.

Kuhusu waya: kwenye fremu hizi unapita ndani ya pembe, unakata kona kuingia kichwani mwa usukani, kona nyingine kuingia kwenye fremu, unashuka mpaka nyuma. Kila kona ni msuguano. Ongeza hewa ya chumvi na jasho linalodondoka moja kwa moja kwenye ncha za pembe, maana kichwa chako kiko juu yake saa nzima. Waya wa bei rahisi hapa pwani unaanza kukwama mapema sana. Chukua wa chuma kisichoshika kutu, kava jipya, na ukubali kuubadilisha kila mwaka hata kama unauona mzima.

Halafu angalia kijiti chenyewe. Vile vya kawaida vinabaki pale ulipoviacha: kwenye gia nzito kinaelekea upande mmoja, kwenye gia nyepesi upande mwingine, na kiganja chako kinahangaika kukifuata. SRAM walitoa aina wanayoiita R2C, kijiti kinarudi katikati kila baada ya kubadili. Ukiipata hiyo, mkono unakaa sehemu moja safari nzima.

#4 BintiShangani

Mimi ninayo hiyo R9160, msimu wa pili sasa. Kaka, ngoja nikueleze kwa matuta.

Unatoka Mikindani umelala, gia nzito, mwendo umekubali. Mbele kuna tuta. Mwenye vijiti vya ncha ana mambo mawili ya kufanya kwa wakati mmoja na mikono yake haitoshi. Ama abadili gia akiwa bado amelala, halafu akimbilie breki akiwa amechelewa. Ama akimbilie breki kwanza, avuke tuta akiwa na gia nzito ile ile, halafu asimame kwenye pedali kuianzisha upya kama anayesukuma mkokoteni wa nazi. Wengi wanafanya hili la pili, na mapaja yanalipa.

Mimi nanyanyuka, vidole viwili kwenye breki, kidole gumba kinabonya kitufe mara tatu, navuka tuta, nimeshapata gia nyepesi, nakanyaga, nalala tena. Mashindano makubwa ya Ulaya wanafungiwa barabara, hawana matuta ya kijiji, mbuzi wala bodaboda inayoingia kutoka vichochoroni bila kuangalia. Wao wanakaa kwenye pembe karibu muda wote. Sisi nusu ya safari tuko usukani wa chini. Kwa hiyo vitufe vya kwenye mikono ya breki vina faida kwetu kuliko kwao. Hiki ndicho kitu nilichokilipia, mengine yote ni urembo.

Na pembeni tu: ukiwa nyuma ya mwenzako kwa karibu, usilale kwenye pembe. Breki iko mbali. Nimeshaona mtu akilala chini kwa sababu hiyo, alama ziko mabegani mpaka leo.

#5 Mwana_Mikindani

Dada, umenigusa pale pale. Na betri je? Na mvua za masika?

#6 KusiUsoni

Nipo Lindi, ngoja nikujibu hilo la betri maana dada atakupamba.

Sitaji kampuni, haina maana. Nilikuwa na mfumo wa umeme mwaka juzi. Nimetoka Lindi alfajiri naelekea Mtwara, kusi limeamka mapema, linapiga usoni. Wenyeji mnalijua kusi la mwezi wa saba, halikuulizi unatoka wapi. Kupita Mingoyo mashine ya mbele ikagoma. Nikasema sawa, nitabaki na meno makubwa. Kumbe ilikuwa inanipa onyo. Nimepita Kiwalala, nimetoka kuteremka mteremko kwa gia nzito, nabonya kitufe, kimya. Nabonya tena. Kimya kabisa. Meno makubwa mbele, meno madogo nyuma, upepo kifuani, na Mtwara bado iko mbali huko.

Nilikanyaga mpaka magoti yakaanza kuongea lugha yao. Mwisho nikapanda Noah, baiskeli juu ya magunia. Konda akaniuliza kama gia za kompyuta haziji na dereva wake.

Mwenye waya ukikatika anafunga kijiti, anageuza skrubu ya mashine ya nyuma, anaibana kwenye gia nyepesi kidogo, anafika nyumbani. Mimi nilikuwa na bisibisi mfukoni na sikuwa na cha kufanya.

#7 BintiShangani

Kaka KusiUsoni, pole, ila hilo onyo umelitaja mwenyewe. Mifumo ya Di2 imetengenezwa hivyo makusudi: betri ikishuka mashine ya mbele inalala kwanza, ya nyuma inaachiwa tone la mwisho ili ufike. Ya mbele ikigoma, weka gia ya kukufikisha nyumbani na usiguse tena kitufe.

Betri yangu iko ndani ya bomba la siti. Ikijaa inanipeleka kama kilomita 1,000 hivi. Mimi naichaji kila tarehe moja, sisubiri taa. Siku ninayolipa kodi ya nyumba na betri inakula.

Mvua haijawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni plagi. Nilizichomoa kusafisha nikazirudisha bila kubana mpaka mwisho, wiki mbili nikadhani kitufe kimekufa. Ukichomeka sikiliza, inalia *ti*. Isipolia haijaingia.

#8 NjiaYaNdanda

Wanaotumia SRAM ya umeme wana ujanja mmoja ambao sisi wa Di2 hatuna. Kila mashine ina betri yake ndogo iliyopachikwa nje, na zinafanana. Ya nyuma ikiisha unachomoa ya mbele unaihamishia nyuma, safari inaendelea. KusiUsoni angekuwa nazo asingepanda Noah.

Ila kwenye TT, zile za kwanza za eTap, ndilo jina la umeme wa SRAM, vitufe vyake vilikuwa na nyaya zinazoingia kwenye kiboksi kimoja, ndicho kinaongea na mashine bila waya. Kiboksi kinatumia betri bapa ya CR2032, ya rimoti ya gari. Hiyo hata dukani kwa vifaa vya simu unaipata.

Nirudi kwa mleta uzi. Ndugu yangu, unakumbuka habari ya Tour de France ya 1989? Greg LeMond alianza siku ya mwisho akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50. Kutoka Versailles hadi Paris, kilomita 24.5 za kupambana na saa. LeMond alifunga pembe za kulalia, Fignon hakufunga. LeMond akatwaa Tour nzima kwa sekunde 8. Mkao ndio uliompa. Hela yako ipeleke kwanza kwa mtu atakayekupima ulale vizuri, urefu wa pembe, viwiko viingie ndani. Gia zitafuata.

#9 Spoku32

Mkao sawa, hakuna anayepinga. Lakini hawezi kulala vizuri kwenye baiskeli isiyo na breki, na swali lake ni la breki na gia.

#10 Diski_Mbili

Mbona hakuna anayezungumzia breki za mafuta? Mwana_Mikindani, uza hiyo fremu, tafuta ya diski. Mikono ya R9180 ni ya mafuta, kidole kimoja unasimama. Tatizo langu ni moja tu, tena nililitafuta mwenyewe. Breki zilianza kuwa laini, nikaenda duka la spea za magari nikanunua mafuta ya breki, nikaongezea. Siku ya tatu mkono ukivutwa haurudi. Raba za ndani zimevimba zote.

#11 Spoku32

Ndugu yangu uliweka DOT kwenye mfumo wa mafuta ya madini. Ndiyo maana.

Wengine wasome hapa, hili linaua breki za watu wengi. Shimano na Magura wanatumia mafuta ya madini. Breki za SRAM za baiskeli za barabarani zinatumia DOT, ile 5.1 au 4. Haviingiliani hata tone. Raba za upande mmoja zinaharibiwa na mafuta ya upande mwingine. Na DOT 5 ni kitu kingine kabisa, ni silikoni, usiiweke popote hapa hata kama namba inaonekana kubwa kuliko 4.

Kwa huku kwetu kuna mizani yake. DOT 4 iko kila duka la spea, unaipata hata Masasi. Mafuta ya madini ya baiskeli mpaka uagize. Lakini DOT inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu nyie mnaijua, chumvi mezani haimwagiki mpaka uichanganye na mchele. Kwa hiyo mwenye DOT lazima abadilishe mafuta mara kwa mara, na chupa ikishafunguliwa haikai miaka kabatini. Tena ikidondoka kwenye rangi ya fremu inaibabua.

Kwa mleta uzi haya yote hayamhusu. Fremu yake ni ya rimu. Asiuze kitu.

#12 MzeeWaPhoenix

Nimeuliza tu kwa wema. Mtu anashuka mteremko amelala kifudifudi, breki haziko mkononi, gia ziko ndani ya betri, mafuta yanavuta maji. Anakimbilia wapi?

#13 KusiUsoni

Mzee, Mpapura. Na anarudi.

#14 Spoku32

Mwana_Mikindani, nimekaa nikaliwaza lako. Kwa nini ununue mashine mbili? Njia yako ni ya pwani, vilima vipo ila sio vya kupanda Newala. Weka sahani moja tu ya meno mbele, kaseti, yaani fungu la meno ya nyuma, iwe pana kidogo. Mashine ya mbele unaifuta kwenye bajeti pamoja na waya wake. Di2 inakubali kufanya kazi na mashine ya nyuma peke yake. R9160 kwenye pembe ina kitufe kimoja kila upande: kulia unaongeza uzito, kushoto unapunguza, au ugeuze upendavyo. Hakuna kufikiri.

Ukichagua waya, hesabu ni hiyo hiyo: kijiti kimoja, waya mmoja, kona nusu.

Na uangalie plagi kabla ya kulipa. Vizazi vya gia 11 vinatumia nyaya zenye plagi ya SD50, za gia 12 ni SD300, nyembamba zaidi. Haziingiani bila kiunganishi. Muuzaji akikuchanganyia mkono wa kizazi hiki na mashine ya kizazi kile, utakaa na boksi zuri sebuleni. Muulize pia chaja, maana betri ya ndani ya siti ya kizazi cha gia 11 haichajiwi na chaja ya simu, ina kifaa chake.

#15 BintiShangani

Usinunue kwa maneno ya humu. Jumamosi njoo na pedali zako, uchukue yangu uende Naliendele na kurudi. Urefu wetu unalingana. Kaka Spoku32 ana ile ya vijiti, azime na hiyo.

#16 Mwana_Mikindani

Mrejesho.

Nimeanza na ya vijiti ya Spoku32. Imefungwa vizuri, nikiri, *tak, tak*, unaisikia gia kwenye mfupa wa kiganja. Kwenye kipande kilichonyooka niliipenda kuliko ya umeme, kwa sababu kijiti kinakuambia uko gia ya ngapi bila kuangalia nyuma. Vidole vya nyuma kwenye breki nilisahau mara mbili za kwanza, nikavuta kwa shahada, baiskeli ikaendelea na safari yake kama haikunisikia. Ya tatu nikakumbuka.

Halafu ikatokea kile alichosema dada. Kuna mama alikuwa anavuka na ndoo kichwani, na mtoto nyuma yake akasita katikati ya barabara. Nimenyanyuka, breki zote mbili, nimekaribia kusimama kabisa. Mtoto akapita, mama akanisalimia, mimi niko gia nzito kabisa ya kaseti na mkono wangu unatafuta kijiti kilicho mbele ya pua. Nilipoachia usukani kukifuata, gurudumu la mbele likayumba mpaka kwenye mchanga wa pembeni. Sikuanguka, lakini moyo ulishuka.

Nikarudi na ya dada. Mahali pale pale nikajifanya namwona mama na ndoo. Breki, gumba, gumba, gumba, nikaondoka.

Nachukua ya umeme, mashine ya nyuma tu, sahani moja mbele. Ile hela ya mashine ya mbele inabaki ya kununua betri ya pili, KusiUsoni amenitisha. Muuzaji ameshanitumia picha za plagi, ni SD50 zote. Mzigo unapanda basi Alhamisi.

#17 KusiUsoni

Betri ya pili unayoificha ndani ya bomba la siti utaibadilishaje njiani? Chaji tu kama dada, kila tarehe moja.

#18 Mwana_Mikindani

Hapo umenishika. Naiondoa kwenye orodha.

Jingine wakuu, hili dogo. R9160 gia ni za umeme ila breki bado ni za waya. Nimepita maduka matatu ya spea za baiskeli hapa mjini. Waya ninaopewa una kichwa cha duara kama kipipa. Kwenye picha za hii mikono tundu ni la kichwa kirefu chembamba, kama tone. Fundi mmoja anasema atausaga kwa tupa uingie.

#19 Spoku32

Asiusage! Kichwa kikisagwa kinaweza kuchomoka siku unayovuta breki kwa nguvu, yaani siku ile ile unayoihitaji. Kipipa ni cha baiskeli za milimani. Wewe unataka kichwa cha tone. Kuna nyaya zinazouzwa zikiwa na vichwa viwili, kipipa ncha moja na tone ncha nyingine, unakata usichotaka. Ninazo mbili nyumbani. Wa nyuma pima kwanza ndani ya fremu kwa uzi wa kushonea kabla hujakata, ukikata mfupi umekula hasara.

#20 MzeeWaPhoenix

Fimbo haina kichwa.

#21 Spoku32

Mzee tumekuelewa 😂

Mwana_Mikindani, nipo Ligula mpaka saa kumi na mbili jioni. Njoo na fremu, usije na yule fundi wa tupa.